Walimu na wazazi wa Nyanda za Juu Kusini: tuifanye bustani ya shule iwe darasa la viumbe hai, isiwe mahali pa adhabu

Mwanzisha uzi (Uyole, Mbeya)

Wakuu, habari za wikiendi. Uzi ni mrefu, lakini mwenye mtoto wa darasa la tatu hadi la saba naomba avumilie. Vitu vyote nitakavyovitaja vinafanyika kwa kamba, makopo matupu na udongo ambao shule inao tayari.

Sisi wa huku tumejaliwa. Kitulo pale juu ina aina zaidi ya 350 za mimea, na okidi peke yake ni aina 45. Imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, na wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Mlima Rungwe una kipunji, kima ambaye Wanyakyusa walikuwa wakimjua kwa jina hilohilo kabla watafiti hawajamwona mwaka 2003 na kumtangaza duniani 2005. Lakini mwambie mtoto wa Mbeya akutajie viumbe vya nchi yake: simba, tembo, twiga. Wale wa kwenye kalenda na televisheni. Wa mlimani kwake hawajui, na wa chini ya miguu yake ndiyo kabisa.

Shule zetu nyingi zina shamba. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, shamba lilikusudiwa kuwa sehemu ya masomo: mtoto alime, apime, aulize kwa nini mstari huu umestawi na ule umedumaa. Kilichobaki sehemu nyingi ni kwamba ukichelewa namba unapelekwa kulima, ukipiga kelele darasani unapewa fyekeo. Mtoto akikua hivyo, jembe linakuwa fimbo nyingine tu, na kila kitu kilichomo kwenye udongo anakichukia pamoja na jembe lenyewe. Hili linaniuma sana, ndiyo maana nimeandika.

Tunachofanya ni hiki. Jumamosi asubuhi, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu na kamati ya shule, watoto wanakuja kwenye kabustani nyuma ya madarasa. Jembe halishikwi kwanza. Kila kundi la watoto watano linapewa kamba na vijiti vinne, linapima mraba wa mita moja kwa mita moja, kisha wote wanalala kifudifudi kuuzunguka. Kundi moja linawekwa kwenye tuta la mchicha, lingine pembeni penye magugu, lingine kwenye uwanja unaofagiliwa kila siku. Kazi yao ni kuchora kila aina ya mmea na mdudu wanayemwona. Jina si lazima, wanaandika "mdudu A", "mdudu B". Baadaye michoro inabandikwa ukutani kwa pamoja.

Hapo mabishano yanaanza, na mabishano ndiyo somo lenyewe. Hawa sisimizi wawili ni aina moja au mbili? Huyu mwekundu ana kichwa kikubwa, yule hana. Mwenye magugu anatamba kwa sababu ana aina nyingi kuliko mwenye tuta, na mwenye uwanja uliofagiliwa ana sisimizi na nyasi mbili tatu. Hakuna aliyewahubiria kwamba magugu yana faida. Wameona kwa macho yao kwamba pale tunapopaita pachafu ndipo wenye nyumba wengi wanaishi.

Halafu tunageuza majani. Chini ya jani la sukumawiki kuna vidukari, wale wakulima wanaowaita wadudu mafuta, wamejazana kwenye mshipa wa jani. Juu yao sisimizi wanapita wakiwagusagusa kwa vipapasio. Kidukari anatoa tone la majimaji matamu, sisimizi analinywa na kuondoka. Na katikati yao kuna kidudu cheusi chenye madoa ya rangi ya chungwa, mwili mrefu wenye vinundu, kama kamamba kadogo. Watoto wote wanataka kukiponda. Tunawazuia, tunakaa kimya tunatazama. Baada ya muda kinamshika kidukari, kinamnyonya, kinahamia kwa mwingine. Hicho ni lava cha yule mbawakawa mwekundu wa madoa meusi ambaye watoto wanampenda na kumchezea mkononi. Hawakujua ni mtoto wake. Tangu siku hiyo ukisikia mtu anataka kuponda mdudu, watoto wenyewe wanamwambia, "Subiri kwanza tuone anakula nini."

La mwisho ni maboga, na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Boga lina ua dume na ua jike mbalimbali kwenye mmea mmoja. La kike linajulikana kwa kile kiboga kidogo kilicho chini yake. Ua linafunguka alfajiri na kufikia mchana limeshajifunga, kwa hiyo nyuki ana asubuhi moja tu. Jioni, watoto wanachagua maua ya kike yatakayofunguka kesho yake: yale yaliyovimba na kuanza kugeuka manjano kwenye ncha. Wanayafunika kwa vipande vya chandarua kikuukuu na kufunga uzi chini. Mengine wanayaacha wazi, wanayatia alama ya kitambaa. Siku chache baadaye viboga vilivyofunikwa vinakuwa njano, vinasinyaa, vinadondoka. Vya wazi vinanenepa. Baadhi ya maua yaliyofunikwa tunawaachia watoto wayachavushe wenyewe asubuhi: wanachuma ua dume, wanabandua petali zake, wanapaka chavua kwenye ua jike kisha wanalifunika tena. Hayo nayo yanazaa. Mtoto aliyeifanya kazi ya nyuki kwa mkono wake humwambii tena kwamba nyuki ni mdudu wa kuchomwa moto.

Karibuni kwa maswali, na wenye uzoefu wa kwao waseme.

---

MkulimaMbozi

Mwalimu, hongera kwa kazi. Ila mimi ni mkulima, niseme ukweli wangu. Kuanzia 2017 tulipoingiliwa na viwavijeshi vamizi, mahindi yetu yanaliwa tukiwa tunatazama. Leo mtoto anarudi nyumbani ananikataza kupiga dawa kwa sababu "wadudu ni marafiki". Shamba hilo ndilo linalomlipia daftari. Pili, mtihani wa darasa la saba haumuulizi idadi ya sisimizi.

---

Mwanzisha uzi

Mkuu wa Mbozi, umeuliza vizuri na nisingependa mtoto wako akukataze chochote. Hatufundishi kwamba wadudu ni marafiki. Tunafundisha kwamba kabla hujaua, ujue unayemuua ni nani. Viwavijeshi wenyewe watoto wanawatafuta kwenye kikonyo cha mahindi wakifuata yale mavi yanayofanana na unga wa mbao, wanawaokota, na mayai wanayaponda yakiwa bado kwenye jani. Kwenye kabustani hiyo inatosha. Kwenye ekari zako hesabu ni nyingine, wewe ndiye unayezijua.

Na kwa kuwa tuko ukanda wa pareto, zao la kutengenezea dawa ya wadudu, niongeze hili maana huwa linachanganya watu. Pareto inatoka kwenye ua, utupa ni majani ya kienyeji, kwa hiyo watu husema ni salama kwa kila kitu. Pareto inaua nyuki na samaki vilevile, ingawa inaisha nguvu haraka juani. Utupa wazee wetu waliutumia kuvulia samaki mtoni. Mtoto akijua hayo, atakuambia, "Baba, tupige jioni nyuki wakisharudi, na ndoo tusiioshee kwenye mfereji." Huyo anakusaidia.

Kuhusu mtihani: mlolongo wa chakula, sehemu za ua, uchavushaji, hatua za ukuaji wa mdudu, vyote vimo kwenye somo la sayansi. Tofauti ni kwamba wengine wanakariri mchoro ubaoni.

---

MamaWaTukuyu

Ndaga fijo kwa uzi huu. Huku kwetu mvua haikatiki, wadudu tunao wa kumwaga. Shida yangu ni kinyonga. Mwanangu alimwona kwenye uzio, akaja mbio kuniita nimtazame. Bibi yake akachukua mti. Kwetu kinyonga akikupitia mbele ni mkosi, wengine wanasema ana sumu, wengine wanasema akikung'ang'ania ngozini hatoki mpaka radi ipige. Mtoto akalia, bibi akakasirika, na mimi nikawa katikati. Mnafanyaje kwenye jambo kama hilo bila kumdharau mzee?

---

Mwanzisha uzi

Mama, pole, hilo tunakutana nalo karibu kila mara.

Kinyonga hana sumu. Anakula nzi, panzi na nondo, kwa hiyo kwenye bustani ni mfanyakazi asiyedai chakula. Na milima ya kwenu ina kinyonga wa pembe tatu wa Poroto, ambaye makazi yake ni hii milima yetu ya kusini tu. Mtu wa Ulaya anapanda ndege aje amwone yule aliyekuwa kwenye uzio wako.

Kwa bibi, sisi hatubishani naye. Tunamwalika. Bibi na babu wanakaa kwenye viti kivulini, na kazi yao ni kuwaeleza watoto majina ya mimea kwa Kinyakyusa, Kisafwa au Kibena, ni dawa ya nini, inaliwa vipi. Bibi mmoja alitutajia mboga za kienyeji ambazo hata walimu hatukuwa tukizila: mchunga, mnafu wa aina mbili, majani ya kunde yaliyokaushwa. Akishaheshimiwa kama mwalimu, mwenyewe anauliza habari za kinyonga. Na kwa watoto sheria ni moja: kinyonga hashikwi. Anatazamwa. Ukimshika anapata taharuki, na bibi anapata sababu ya kukasirika.

---

TichaMakete

Salaam kutoka kwenye baridi. Mimi nafundisha huku karibu na Kitulo, nataka nilete jambo gumu.

Watoto wangu hawahitaji kufundishwa okidi ni nini. Wanazijua kuliko mimi. Wanajua ipi ina kiazi kinene, inachimbwa mwezi gani, na wanajua kwamba kiazi hicho kinaenda Zambia kutengenezwa chakula kinachoitwa chikanda. Baadhi wamesoma kwa hela hiyo. Sasa nikisimama mbele nikasema "kuchimba okidi ni kosa", namtukana mama wa mtoto aliyekaa dawati la mbele.

Nilichofanya ni kuwaletea mmea mmoja uliong'olewa na tingatinga pembeni ya barabara, tukaufungua pamoja mezani. Chini kuna viazi viwili: kimoja kimesinyaa, ndicho kilichotoa ua la mwaka huu. Kingine kigumu, kimejaa, ndicho cha mwaka ujao. Mchimbaji anachukua kile kigumu. Nikawauliza, mwakani kitaota nini? Darasa lote likanyamaza, halafu mtoto mmoja, ambaye najua nyumbani kwao wanachimba, akasema: "Mbegu zitaota." Jibu zuri. Tukapasua tunda lililokauka. Mbegu za okidi ni vumbi, ukipumua zinaruka. Hazina akiba ya chakula ndani kama punje ya hindi. Ili iote lazima ikutane na kuvu fulani kwenye udongo wa kulisha ule mche. Na ukichukua okidi ukaja kuipanda kwenye bustani ya shule, mara nyingi inakufa.

Sikuwapa jibu la maisha ya nyumbani kwao. Ila wao wenyewe wameanza kuhesabu maua kwenye kipande cha nyasi cha shule, kuanzia Desemba mvua zikikolea, na wanaandika yamechanua mangapi mwaka huu ili walinganishe.

---

Mwanzisha uzi

Ticha, hiki ulichoandika kingestahili uzi wake. Kumfikia mtoto bila kumvunjia mama yake heshima ndiko kazi ilipo. Naomba uendelee na hiyo kumbukumbu ya maua, mwaka hadi mwaka. Na watoto wakihitimu, daftari libaki shuleni kwa wanaofuata.

---

KinyunguMufindi

Kamweneee! Mimi nina mambo matatu.

Moja, tulijaribu hiyo ya kufunika maua, ila tulitumia maharage kwa kuwa ndiyo tuliyokuwa nayo. Yaliyofunikwa na ya wazi yote yamezaa. Watoto wakaniuliza, sasa nyuki wana kazi gani? Nikakosa la kusema.

Mbili, huku kiangazi tunalima vinyungu, vile vishamba vya bondeni. Udongo una unyevu, vyura wapo, kerengende wapo. Mimi naona hapo ndipo pa kuwapeleka watoto, si kwenye uwanja mkavu wa shule. Lakini afisa mazingira anatukumbusha zile mita 60 kutoka kingo za mto zisizoruhusiwa kulimwa.

Tatu, sisi tumezungukwa na misindano ya kupandwa na chai. Kijani tupu. Watoto wanaamini wanaishi msituni.

---

Mwanzisha uzi

Kamwene ndugu yangu. Hili la tatu ndilo zuri kuliko yote, nitalifikia.

La maharage: ua la haragwe linajichavusha lenyewe, mara nyingi hata kabla halijafunguka. Ndiyo sababu chandarua hakikubadilisha kitu. Mahindi yanategemea upepo: chavua inadondoka kutoka kwenye mbelewele hadi kwenye nywele za mhindi, na kila unywele ni punje moja. Boga linamtegemea nyuki. Wala watoto wako hawajapoteza kitu. Wapandie vyote vitatu kwenye tuta moja, kama bibi zetu walivyochanganya, waone njia tatu za kuzaa ndani ya hatua tano za mguu. Kwa upande wa mahindi, wafunge gunzi changa kwa mfuko wa karatasi kabla nywele hazijachomoza, na mfuko ukae mpaka chavua iishe. Wakati wa kuchoma mahindi wataona gunzi hilo karibu halina punje.

La vinyungu: mita 60 ni sheria ya mazingira ya 2004 na tuifuate. Kutazama si kulima. Wapeleke kingoni na daftari, mikono mitupu, watafute mayai ya vyura na magamba ya kerengende wachanga kwenye mabua. Wakirudi waambie kwa nini kando ya mto pasilimwe. Wataelewa haraka kwa kuwa wameona waliopo pale.

Sasa misindano. Chukua kamba ileile, mraba wa kwanza chini ya misindano, wa pili ndani ya kichaka cha asili kilichobaki bondeni au makaburini, maana makaburi yetu mara nyingi yana miti ambayo hakuna aliyethubutu kuikata. Kisha chota majani yaliyooza ya kila sehemu, ujazo sawa. Kata chupa ya maji katikati, geuza shingo ichungulie chini ndani ya nusu nyingine, weka kipande cha wavu shingoni, jaza yale majani juu, acha juani mpaka jioni. Wadudu wanakimbia joto na ukavu, wanashuka na kudondokea kwenye maji kidogo uliyoweka chini. Watoto wahesabu aina za kila chupa. Usiwaambie mapema nini kitatokea. Misindano ni mazao na inasomesha watu Mufindi, hatuitukani. Lakini mtoto ajue kwamba safu ya mti mmoja uliopandwa na msitu wenyewe ni vitu viwili.

---

MzaziMjini_Iringa

Vipi usalama? Nyoka, pepopunda, minyoo. Na gharama?

---

Mwanzisha uzi

Viatu vya kufunika mguu au gambuti, nyasi ndefu zipigwe fimbo kabla ya kuingia, mkono hauingii kwenye shimo wala chini ya jiwe ambalo mtu mzima hajaligeuza. Kunawa kwa sabuni kabla ya kula, hakuna mjadala. Samadi mbichi watoto hawaishiki. Na waonyeshwe mnanaha mapema, yale maua meupe ya tarumbeta na tunda la miiba, kwa sababu mbegu zake ni sumu na unaota jalalani kila mahali.

Gharama ni kamba, makopo ya mtindi, chupa za maji na penseli. Chandarua chakavu kila nyumba inacho.

---

MamaWaTukuyu

Swali la mwisho, tuanze lini? Na mbegu mnatoa wapi, maana huku dukani ni za pakiti tu.

---

Mwanzisha uzi

Mama, mbegu anzeni kuzikusanya Juni na Julai watu wakivuna. Kila mtoto aje na mbegu za nyumbani kwao kwenye chupa ya dawa ya hospitali iliyooshwa na kukaushwa, akiandika jina linalotumika kwao na nani aliyempa. Maharage tu utashangaa: meupe, ya njano, mekundu, yenye mabaka, yale madogo meusi. Tuliyapanga dirishani kwa rangi, na watoto walikuwa wakigombea ya kwao yawekwe mbele. Waelezeni pia kwamba haragwe, hindi na boga babu zake walitoka Amerika, ila ulezi na kunde ni vya bara letu hili. Mwaka wa kwanza msigawe mbegu zote, bakizeni nusu ya kila chupa mahali pakavu, panapopitisha hewa, pasipofikiwa na panya.

Mraba wa kamba fanyeni Januari shule zikifunguliwa, wakati mvua imeshaotesha kila kitu. Rudieni palepale Agosti kwenye ukavu, mlinganishe. Maboga pandeni mvua za kwanza, ili maua yatokee watoto wakiwa wamerudi kutoka likizo ya Desemba.

Mwenye mbegu za maboga ya kienyeji, yale ya ganda gumu ya kijivu, aniandikie faragha. Nina maharage ya aina kadhaa ya kubadilishana, na basi la Tukuyu linapita hapa Uyole kila siku.